Namna ya Kupika Wali wa Bata wa Chiclayo

Pwani ya kaskazini ya Peru ni nchi kame, ambayo mvua huikosa miaka mingi kwa sababu ya mkondo wa maji baridi upitao baharini kando yake, na ambayo isingekuwa na mmea wala mwenyeji lau si mito ishukayo kutoka milima ya Andes na mifereji ambayo watu wa kale waliichimba ili kuyatawanya maji hayo mashambani. Katika nchi hiyo, takriban kilomita 770 kutoka Lima, uko mji wa Chiclayo, makao makuu ya mkoa wa Lambayeque. Na katika mji huo, siku ya Jumapili jamaa wakusanyikapo, au siku ya arusi, au siku ya kumkirimu mgeni aliyetoka mbali, chakula kitangulizwacho mbele ya vingine vyote ni wali wa rangi ya kijani iliyokoza, wenye vipande vya bata juu yake, ambao wenyewe huuita arroz con pato. Makusudi ya maandiko haya ni kumwongoza msomaji apendaye kuupika wali huo nyumbani kwake, awe Tanga, Mombasa au Maskati, kwa vitu ambavyo soko lake laweza kumpa, bila ya kuuvua tabia yake.

Jambo moja nataka lishikwe tangu mwanzo, maana yote yafuatayo hulitegemea: wali huu haupikwi kwa maji. Hupikwa kwa mchuzi uliokwisha kumpokea bata, kotmiri, pilipili na kimea, na mpishi mwenye bidii hutumia zaidi ya saa moja katika kuutengeneza mchuzi huo kabla punje moja ya mchele haijaingia chunguni. Mtu achemshaye wali mbali na bata mbali, kisha akavikutanisha sahanini, amepata wali na amepata bata, lakini chakula cha Chiclayo hakukipata.

Bata mwenyewe si bata yeyote. Ni yule ndege mkubwa, mwenye nyama nyekundu zenye vinundu usoni, asiyelia kama bata wengine bali hufoka kwa sauti ya chini, na ambaye mayai yake huatamiwa siku 35 ilhali ya bata wengine huatamiwa siku 28. Msomaji wa Afrika ya Mashariki anamjua sana, kwa kuwa huyo ndiye aghalabu azungukaye uani kwetu na vijijini mwetu. Lakini yamkini hajui kwamba asili yake ni Amerika, na kwamba wenyeji wa huko walimfuga karne nyingi kabla merikebu ya kwanza ya Wahispania haijatia nanga. Watu wa Moche, waliostawi katika pwani hiyo ya Peru baina ya karne ya 1 na ya 8, walimpenda bata hata wakamfinyanga katika vyombo vyao vya udongo. Na mwaka 1987, pale Sipán, karibu na Chiclayo, mwanaakiolojia Walter Alva na wenzake walipolifukua kaburi la mtawala mmoja wa zama hizo, miongoni mwa mapambo ya masikio aliyozikwa nayo yalionekana yenye sura ya bata, yaliyofanyizwa kwa dhahabu na feruzi.

Mchele ulikuja nyuma, pamoja na Wahispania, katika karne ya 16, nao walikuja pia na kitunguu, kitunguu thaumu, bizari, ndimu na kotmiri. Mchele ukapata makao mema katika mabonde ya Lambayeque, ambako mifereji ilikuwa tayari na jua halina uchache, ukakuta pilipili, boga na mahindi ya wenyeji yakiungojea. Wala mikono iliyovikutanisha vitu hivi haikuwa ya Wahispania na wenyeji wa asili peke yao, maana katika mabonde hayo hayo, mathalani katika mji wa Zaña, waliletwa Waafrika wengi wakatumikishwa utumwani katika mashamba ya miwa, mpaka utumwa ulipofutwa nchini Peru mwaka 1854, na wajukuu wa wajukuu wao wangali huko hata leo, wakila na kupika kama majirani zao. Nimeyataja haya kwa sababu naona ni haki mtu akijua chakula anachokitia mdomoni kimepita katika mikono ya nani.

Sasa na tushike kazi. Mtafute bata mchanga, jike ikiwezekana, mwenye uzito wa kilo 2 au 2 na nusu akisha kunyonyolewa na kutolewa matumbo. Dume mzee hufika kilo 4 na zaidi, na nyama yake huvutia macho ya mnunuzi, walakini moto wa saa moja haumtoshi, na mpishi mwenye haraka atamlaumu bata kwa kosa la umri wake. Mchanga hutambulikana kwa ncha ya mfupa wa kidari, ambayo hupindika kidogo ukiibonyeza kwa kidole, na kwa kucha zake ambazo bado ni fupi. Akisha chinjwa, atiwe katika maji ya moto sana lakini yasiyotokota, anyonyolewe taratibu ili ngozi isichanike, kisha ababuliwe juu ya ndimi za moto mpaka vinyweleo vyote viungue. Juu ya mkia wake pana tezi ya mafuta, ambayo ndege huyatwaa kwa mdomo na kujipaka manyoyani. Tezi hiyo sharti ikatwe yote na kutupwa, kwani ikibaki huacha harufu ambayo hakuna kiungo kiwezacho kuifukuza, na naamini kwamba wengi wasemao nyama ya bata inanuka hawajapata kuila ila iliyopikwa pamoja na tezi hiyo.

Mkate vipande 8: mapaja mawili, miguu miwili, na kidari mara nne, mbawa zikiachwa zimeshikana na vipande vya juu. Shingo, mgongo na firigisi usivitupe. Vitie katika sufuria na vikombe 6 vya maji na nusu ya kitunguu, vichemke kwa moto mdogo muda wote utakaokuwa ukishughulika na mengine, na maji hayo ndiyo yatakayokuwa akiba yako ya supu.

Pilipili ya chakula hiki ni ají amarillo, ndefu, ya rangi ya machungwa iwapo imeiva, yenye ukali wa wastani na harufu inayokaribia ya matunda. Mapishi ya Peru takriban yote yameegemea juu yake. Katika miji mikubwa ya Ulaya na Marekani hupatikana madukani ikiwa imesagwa na kutiwa katika chupa, na mwenye kuishi huko hana haja ya kutafuta badala. Katika masoko yetu ni adimu. Basi chukua pilipili hoho 2 za manjano au za rangi ya machungwa pamoja na pilipili mbuzi 1 iliyoiva, uzitoe mbegu na nyuzi nyeupe za ndani, uzichemshe dakika 10, umwage maji, uzisage pamoja na kijiko kimoja cha mafuta mpaka zilainike kabisa. Hoho itakupa mwili na rangi, na mbuzi itakupa harufu. Pilipili kichaa haifai kwa kazi hii, kwa kuwa ina ukali mwingi na harufu kidogo, na wali wa Chiclayo haukusudiwi kumtoa mlaji machozi.

Kitu cha pili ambacho Lambayeque hujivunia ni loche, boga lenye ganda la kijani lililojaa vinundu na nyama ya manjano iliyokoza, lenye kunukia vizuri hata likiwa bichi. Tangu mwaka 2010 jina la boga hilo limelindwa kwa sheria ya Peru kuwa mali ya mkoa huo, na watu wa Chiclayo huona kwamba wali wa bata usio na loche ni wali wa mji mwingine. Haliliwi vipande vipande katika chakula hiki, bali hukunwa likayeyuka katika mchuzi, likaupa uzito na utamu wa mbali usiojulikana watoka wapi. Boga letu la kawaida ni jamaa yake wa karibu. Chagua lililokomaa sana, lenye nyama kavu ya rangi nzito, maana boga changa lenye maji litauzimua mchuzi bila ya kuuongezea ladha.

Kuhusu kinywaji kitiwacho chunguni, mapokeo ya kaskazini ni chicha de jora, pombe ya kimea cha mahindi ambayo Peru ilikuwa ikiinywa tangu kabla ya utawala wa Inka, na siku hizi wapishi wengi hutumia pamoja nayo, au badala yake, bia nyeusi. Kazi ya vinywaji hivi ni kutia uchachu mdogo wa kuyakata mafuta ya bata na uchungu mdogo wa kusimama mbele ya utamu wa boga na kitunguu. Msomaji ambaye dini yake au hiari yake humzuia asidanganywe na wale wasemao kwamba moto huondoa kileo chote, kwa sababu sehemu yake hubaki. Heri aviache kabisa, wala hatapata hasara kubwa. Nusu kikombe cha kinywaji cha kimea kisicho na kileo, kikiongezwa kikombe kimoja cha supu ya mifupa na maji ya ndimu 2, hufanya kazi ile ile kwa uaminifu. Kinywaji hicho huwa kitamu, na ndiyo sababu nimesema nusu kikombe. Kikizidi, wali utakuwa na ladha ya peremende.

Imebaki kotmiri, ambayo Kenya wengi huiita dania na kwingineko giligilani, na hapa naomba msomaji anivumilie nikikawia, kwa kuwa wali huu huharibikia hapa kuliko popote pengine. Nunua mafungu makubwa 2 au 3, mabichi, yasiyonyauka wala kutoa maua. Ioshe mara tatu, maana mchanga hujificha penye matawi, uikung'ute maji, uyatupe mashina magumu ya chini na kuyabakisha yale laini ya juu, ambayo yana harufu kuliko majani yenyewe. Isage kwa mashine au uitwange kinuni kwa maji machache iwezekanavyo, mpaka upate kikombe kimoja kamili cha uji mzito. Isagwe siku hiyo hiyo ya kupika. Iliyosagwa jana na kulazwa hugeuka kuwa na harufu ya nyasi zilizolala mvuani.

Wako wapishi, na katika Peru yenyewe ni wengi, ambao huongeza majani ya mchicha wa kizungu katika kusaga ili wali utoke na rangi ya kijani ing'aayo. Siafikiani nao. Kotmiri iliyokaangwa ipasavyo haibaki na rangi ya majani mabichi. Huingia giza, ikawa ya kijani cha msituni, na wali wake huwa na rangi hiyo nzito ambayo haiwavutii wapiga picha lakini ulimi huitambua mara moja. Rangi ing'aayo ni dalili kwamba kotmiri haikuiva, au kwamba imechanganywa na kitu kisicho na ladha yake.

Kwa watu 6 mpaka 8, basi, uwe na bata mmoja kama nilivyomweleza; mchele wa punje ndefu vikombe 3, kikombe kikiwa cha mililita 250; vitunguu maji vyekundu 2 vikubwa, vilivyokatwa vidogo vidogo; kitunguu thaumu chembe 8, zilizopondwa; pilipili iliyosagwa vijiko 4 vya kulia; kotmiri iliyosagwa kikombe 1; boga lililokunwa nusu kikombe; bia nyeusi kikombe 1 na chicha nusu kikombe, au badala zake nilizozitaja; bizari nyembamba kijiko kimoja cha chai, iliyokaangwa kavu na kusagwa; pilipili manga nusu kijiko cha chai; njegere mbichi kikombe 1; pilipili hoho nyekundu 1, iliyokatwa vipande virefu vyembamba; na chumvi. Mafuta ya kupikia ni kijiko kimoja tu, kwa sababu bata huja na yake.

Juu ya mchele nina neno. Mchele wa Kyela na basmati ni azizi, lakini kila mmoja una harufu yake mwenyewe, nayo hushindana na kotmiri hata zote mbili zikapotea. Chagua mchele wa punje ndefu usionukia, mkavu, wa zamani kidogo, ambao hunywa mchuzi bila ya kuvunjika.

Usiku wa kuamkia siku ya kupika, au angalau saa 2 kabla, vipande vya bata vipakwe chumvi, pilipili manga, nusu ya bizari na nusu ya kitunguu thaumu, vimwagiwe chicha au maji ya ndimu moja, vifunikwe na kuwekwa mahali pa baridi. Wakati wa kupika ukifika, vifute vikauke. Tia kijiko cha mafuta katika sufuria nzito na pana, upange vipande ngozi ikiwa chini, na hapo ndipo uwashe moto, tena mdogo; kwani sufuria ikitangulia kupata moto ngozi huungua nje na mafuta hufungiwa ndani, ilhali tunataka mafuta yatoke polepole na ngozi ipate rangi ya kahawia kwa muda wa dakika 15 mpaka 20. Vigeuze, vikae dakika 5 upande wa pili, uvitoe. Sufuriani utakuta mafuta maridhawa. Bakisha vijiko 4, mengine uyachuje na kuyaweka.

Sasa waja msingi wa chakula, ambao Waperu huuita aderezo, na ambao mpishi wa Peru hupimwa kwao. Katika mafuta ya bata tia vitunguu pamoja na chumvi kidogo, ukikwangua kwa mwiko chini ya sufuria ili ukoko wa nyama ubanduke, na uviache viive kwa moto mdogo dakika 12 hata vilainike na kupoteza umbo, pasipo kuungua. Tia kitunguu thaumu kilichobaki na bizari, dakika 2. Tia pilipili iliyosagwa, ukoroge dakika 8 mpaka 10. Mwanzoni itakuwa na harufu mbichi yenye kuchoma pua, baadaye itatulia, na mafuta ya rangi ya machungwa yatajitenga pembeni. Usisonge mbele kabla ya mafuta hayo kuonekana. Saa ya ukutani haijui moto wako ni mkubwa au mdogo, lakini mafuta yaliyojitenga hayasemi uongo. Ndipo utie boga lililokunwa, likisha lainika utie kotmiri yote, na ukoroge dakika 6, ukiitazama ikigeuka rangi kutoka kijani kibichi kuwa kijani cha giza na ukiinusa mpaka harufu ya majani iondoke na ibaki harufu ya chakula.

Mimina bia na chicha, au badala zake, uziache zichemke kwa nguvu dakika 5. Rudisha bata pamoja na maji aliyoyatoa sahanini, uongeze supu ya mifupa mpaka vipande vikaribie kufunikwa, ufunike sufuria, upunguze moto hata mchuzi uwe ukitikisika tu. Bata mchanga ataiva kwa dakika 50. Mwenye umri zaidi atahitaji saa moja na nusu, na dume wa kijijini hata saa 2. Ameiva iwapo ncha ya kisu hupenya pajani bila ya kusukumwa, wakati nyama bado imeshikana na mfupa. Ikisha achana na mfupa, utamaliza ukiigawa kwa upawa.

Toa bata, umweke katika chombo chenye kifuniko. Hapa ndipo penye hesabu. Umimine mchuzi wote katika kipimo, pamoja na uzito wake wa kijani, na uhakikishe ni vikombe 4 na nusu, yaani kikombe kimoja na nusu kwa kila kikombe cha mchele. Ukipungua, ongeza supu, na ukizidi, uuchemshe upungue, wala usimwage, maana umwagacho ni kazi ya saa nzima. Mafuta yakielea mengi mno, yaengue kwa kijiko. Onja. Mchuzi wapasa kuwa na chumvi kupita ile ambayo ungeipenda katika supu, kwa kuwa mchele utaigawana, na wali uliokosa chumvi tangu chunguni hauponyeki kwa chumvi ya mezani.

Mchele uwe umeoshwa mpaka maji yatoke safi, na kukaushwa katika chujio robo saa. Rudisha mchuzi sufuriani, uchemke, utie mchele na njegere, ukoroge mara moja tu ili punje zitawanyike, na uache wazi juu ya moto wa wastani kwa muda wa dakika 8 au zaidi kidogo, hata mchuzi ushuke usawa wa mchele na vitundu vidogo vionekane usoni. Punguza moto kadiri uwezavyo, panga vipande vya hoho nyekundu juu, ufunike kwa kifuniko kizito. Mpishi wa pilau atajiona yuko nyumbani: palia makaa juu ya kifuniko na ubakishe machache chini, nawe utapata wali ulioiva sawasawa kuliko wa jiko la gesi. Uuache wali dakika 18. Usifunue kuchungulia, usikoroge. Kisha ondoa sufuria motoni, ulaze vipande vya bata juu ya wali, ufunike tena dakika 10, ili mvuke uvirudishie joto na majimaji yake yadondoke chini. Apendaye ngozi kavu yenye kuvunjika menoni na avipitishe kwanza vipande hivyo katika kikaango chenye mafuta ya bata, ngozi chini, dakika 3. Mimi nafanya hivyo kila mara, na naona chakula hupata sauti ambayo hapo awali hakikuwa nayo.

Wali uchambuliwe kwa uma kutoka pembeni kuelekea kati. Punje ziwe zimeachana, nyevu bila ya kushikana, na ukoko ulio chini, kama upo, ugawiwe wageni kwa haki, kwa maana una mafuta na kotmiri kuliko wali wenyewe.

Hauliwi peke yake. Kando yake huwekwa salsa criolla, na mtu wa pwani yetu atadhani ni kachumbari, lakini haina nyanya. Kata kitunguu chekundu nyuzi nyembamba sana kwa urefu wake, zioshe katika maji ya chumvi na kuzikamua ili ukali upungue, utie vipande vyembamba vya pilipili mbichi iliyotolewa mbegu, majani machache ya kotmiri, chumvi na maji ya ndimu. Ndimu ya Peru, ndogo, ya kijani, yenye ganda jembamba na uchachu mkali, ni hii hii yetu, kwa hiyo katika jambo hili hatuhitaji badala. Itengenezwe dakika 10 kabla ya kuandaa, isiwe mapema zaidi, maana kitunguu kikikaa ndimuni hulegea. Uchachu wake ndio uwezeshao mtu kurudia sahani ya pili ya wali wenye mafuta ya bata.

Asiyepata bata na achukue kuku, na atakuwa amepika arroz con pollo, ambao katika nyumba za Lima hupikwa mara nyingi kuliko wa bata. Mpango ni ule ule, ila kuku wa kisasa hataki zaidi ya dakika 25 katika mchuzi, na wa kienyeji takriban saa moja. Mafuta ya kukaangia msingi yaongezwe yawe vijiko 4, kwa sababu kuku ni bahili wa mafuta. Boga na chicha katika Lima aghalabu huachwa, bia hubaki. Ni chakula chema, chepesi, cha siku yoyote. Lakini aliyekwisha kuonja wa bata atajua kwamba mafuta ya ndege yule ndiyo yaliyoibeba kotmiri mpaka ndani ya punje, na kuku hana nguvu hiyo.

Wali ukibaki, usiachwe sufuriani mpaka jioni. Utandazwe katika sinia upoe upesi, utiwe katika jokofu kabla saa 2 hazijapita, na uliwe kesho yake, ukipashwa moto katika kikaango kwa kijiko cha supu na kufunikwa mpaka utoe mvuke. Nao mchuzi wa msingi waweza kupikwa maradufu na nusu yake kugandishwa, ili siku bata apatikanapo ghafula kazi iwe imepungua nusu. Mafuta ya bata uliyoyachuja hukaa mwezi mzima katika chupa iliyofungwa ndani ya jokofu, na viazi vikikaangwa nayo havihitaji kiungo kingine ila chumvi.